Mume anataka mkesha bila nyama, mama anachinja mbuzi: Krismasi yetu tuile vipi?

"Mimi ni Mchaga wa Kibosho, mume wangu ni Mpolandi. Tunaishi Arusha na tuna watoto wawili, wa miaka saba na minne. Kila tarehe 24 Desemba tunapanda Kibosho kwa mama. Mbuzi anachinjwa siku hiyohiyo, kisusio (supu ya damu) kinapikwa, na jioni watu wanakula nyama. Mume wangu anakaa pembeni na samaki wake wa kopo, kwa sababu kwao usiku huo nyama hailiwi. Mwaka juzi nilijaribu kuchanganya: pierogi (vifuko vya unga vya kuchemsha) nilizojaza nyama ya mbuzi, pilau, na ile supu yao ya bitiruti, vyote mezani kwa pamoja. Hakuna aliyefurahi. Watoto walikula mkate. Mama akasema Krismasi bila nyama ni matanga. Mwaka huu mama mkwe anakuja kutoka Kraków. Shangazi ananishauri tushike utamaduni mmoja ili watoto wasichanganyikiwe. Mume anasema tupokezane, mwaka huu kwao, mwakani kwetu. Halafu kuna ile mikate yao myembamba kama komunyo: si dhambi kuwagawia watoto nyumbani?"

Mdogo wangu, pole kwa ile meza ya mwaka juzi. Nimefundisha sayansi kimu miaka mingi na nimekaa na familia nyingi za ndoa kama yako, na karibu kila moja imeanzia hapo ulipoanzia: mke anayewapenda wote anajaribu kuwaweka wote kwenye sahani moja. Ukaona mwenyewe kilichotokea. Mama hakuonja Krismasi yake, na mumeo hakuonja yake. Pierogi ya nyama ya mbuzi usiku wa mkesha, kwa Mpolandi, ni kama mtu akuletee pilau ya sikukuu aliyoipika bila viungo akidhani amekurahisishia.

Nikikusikia vizuri, shida yako haiko kwenye mapishi. Ni kwamba familia mbili zinataka saa ileile ya siku ileile, na wewe ndiye uliyebaki katikati na mwiko mkononi. Tuanze na kuondoa mambo ambayo si kweli, maana yanakubana bure.

Shangazi ana nia njema, lakini watoto hawachanganyikiwi kwa kuwa na vyakula vya namna mbili. Mtazame wako mdogo. Bila shaka anajua bibi anasalimiwa kwa Kichaga, mwalimu kwa Kiswahili, na baba anaitikiwa kwa Kipolandi, na hakuna aliyemchorea ratiba. Amejifunza kwa sababu kila lugha ina mtu wake na mahali pake. Chakula ni vivyo hivyo. Kinachomchanganya mtoto ni vitu visivyo na mpangilio: leo supu nyekundu inatoka mchana, mwakani haipo kabisa, mwaka unaofuata imewekwa nyama na baba amenuna.

Hilo linanifikisha kwenye pendekezo la mumeo la kupokezana. Linasikika la haki, na kwa watu wazima ni la haki kweli. Kwa mtoto halifanyi kazi. Mkubwa wako ana miaka saba. Mkipokezana, kuanzia mwakani hadi afike miaka kumi na mitano atakuwa ameonja mkesha wa Kipolandi mara nne tu. Watafiti wa ulaji wa watoto wamekuta kwamba mtoto huhitaji kuonja chakula kigeni kati ya mara nane na kumi na tano, bila kulazimishwa, kabla ya kukikubali, na kati ya miaka miwili na sita ndipo woga wa chakula kipya unapokuwa mkali zaidi. Kwa hiyo walipokimbilia mkate mwaka juzi hawakuwa wanakataa ukoo wa baba yao. Walikuwa wanafanya kile watoto wa umri wao wanachofanya. Wawekee kijiko kimoja, kaa kimya, kula cha kwako kwa raha. Mwakani tena.

Kuna sababu nyingine ya kutaka kitu kijirudie kila mwaka. Harufu ni fahamu ya ajabu: habari zake hufika sehemu za ubongo zinazoshika hisia na kumbukumbu kwa njia fupi kuliko tunavyoona na kusikia. Ndiyo maana wewe ukisikia moshi wa kuni na ndizi zikichemka unarudi kwenye jiko la bibi yako kabla hujajua umefikiri nini. Lakini harufu hiyo ilishikamana na bibi kwa sababu ilirudi, mwaka hadi mwaka, na watu walewale wakiwa pale. Ukiivuruga kila Desemba, hakuna kinachoshika.

Sasa kuhusu dhambi. Ule mkate mwembamba unaitwa opłatek. Umeokwa kwa unga wa ngano na maji kama hostia, mara nyingi una picha ya Kuzaliwa kwa Bwana iliyogandamizwa juu yake, lakini haujageuzwa altareni. Si Ekaristi. Watoto ambao hawajapata komunyo ya kwanza wanaula bila tatizo, na hata mgeni asiye Mkatoliki anapewa. Kila mtu hushika kipande chake, anamwendea mwenzake, wanamegeana, wanatakiana heri na kusameheana yaliyopita. Ukimweleza mama yako hivyo tu hatakuelewa haraka. Mwambie: ni kama isale. Kwenu mtu akimpelekea mwenzake jani la isale kuomba msamaha, hakataliwi. Mama atakuwa mbele yako kabla hujamaliza sentensi.

Na kutokula nyama? Hapo inafaa umjue mumeo kuliko anavyojijua mwenyewe. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 haikuutaja mkesha wa Krismasi kuwa siku ya kujinyima nyama. Inataja Ijumaa, na mfungo wa Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Wapolandi wameendelea kwa sababu ni desturi ya kwao, iliyo nzito kuliko amri. Kwa hiyo mama yako asiichukue kama hukumu juu ya mbuzi wake, wala mumeo asiisimamie kama amri ya Mungu. Ni adabu ya nyumba yao. Adabu ya nyumba huheshimiwa pasipo kubishaniwa.

Ngoja nikuongezee jambo litakalokupa ujasiri. Samaki kapi, ambaye Wapolandi wengi watakuapia kwamba bila yeye hakuna Wigilia (ndilo jina la mlo wa mkesha), alienea kwenye meza zao hasa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya kikomunisti ilipofuga samaki huyo kwa wingi kwenye mabwawa kwa sababu nyama na samaki wa baharini walikuwa adimu. Vyakula kumi na viwili vinavyohesabiwa leo, kwa heshima ya mitume, zamani katika nyumba nyingi vilikuwa idadi witiri, vitano au saba. Nasi tusijione: pilau unayoiita ya Krismasi imepanda mlimani kutoka Pwani, pamoja na mchele na bizari. Bibi wa bibi yako hakuipika. Desturi zote mbili ziliwahi kuwa ngeni mezani na zikazoeleka, kwa hiyo na yenu ina haki ya kuzaliwa.

Hebu tuje kwenye mpango wenyewe. Ushauri wangu ni kugawana saa, msigawane sahani. Mkesha, jioni ya tarehe 24, uwe wa Kipolandi mzima, bila nyama. Tarehe 25 iwe ya Kibosho nzima, na mbuzi wake, na hapo mumeo asitafute samaki wa kopo. Kalenda imekusaidia kuliko unavyofikiri: mlo mkuu wa Wapolandi ni usiku wa 24, wa kwetu ni mchana wa 25 baada ya misa. Kinachowagonganisha ni jambo moja tu, siku ya kuchinja.

Hapo ndipo utakapofanya kazi, na usiifanye wewe. Siku ya kuchinja ni mambo ya wanaume wa ukoo, na mbuzi ana ugawaji wake. Kidari kina mwenyewe na kila kiungo kina anayekisubiri. Ukienda wewe kuomba siku ibadilishwe utaonekana umepandwa kichwa na Mzungu. Aende mumeo, mapema, Novemba si Desemba, na asiende mikono mitupu. Aende kwa baba yako au kaka mkubwa, aseme kwa maneno yake kwamba mama yake mzazi anakuja, na anaomba mbuzi achinjwe asubuhi ya 25 ili mama yake aone namna Wachaga wanavyomkaribisha mgeni. Ombi likiwa la kumheshimu mgeni sijaona ukoo unaolikataa kirahisi. Wakikataa, basi mbuzi achinjwe 24 kama kawaida, wanaokula wale kule nyuma mchana, na jioni ndani ya nyumba meza iwe ya samaki. Si vizuri sana lakini inawezekana.

Nafikiria vile meza hiyo itakavyokuwa Kibosho, na kusema kweli nakuonea wivu. Wapolandi huweka nyasi kavu chini ya kitambaa cha meza kukumbuka hori alimolazwa Mtoto Yesu. Mumeo amekuwa akitafuta wapi nyasi hizo Arusha? Kwa mama yako zizi liko hatua kumi kutoka jikoni, na majani ya ng'ombe yanakatwa kila siku. Mtume mtoto mkubwa akachukue shada moja. Wapolandi wana masimulizi kwamba usiku huo wanyama huongea. Mwache bibi mzaa baba awasimulie watoto wakiwa wamesimama mlangoni kwa ng'ombe halisi, si picha ya kitabu. Pia huacha kiti kimoja na sahani kwa ajili ya mgeni asiyetarajiwa. Mwandae mama mkwe wako kisaikolojia: Kibosho kiti hicho hakitakaa wazi robo saa.

Mlo huanza nyota ya kwanza ikionekana. Kraków siku hiyo jua huzama kabla ya saa kumi jioni, na kwetu ni saa kumi na mbili na nusu hivi. Mtoto mdogo apewe kazi ya kutafuta nyota kati ya migomba. Kukiwa na mawingu, bibi ndiye atakayetangaza. Usiidharau kazi hiyo: chakula chenyewe atakionja au asikionje, lakini mwakani atakuuliza habari za nyota yake.

Kuhusu vyakula kumi na viwili, usijiue. Hesabu mpaka mkate na kinywaji. Na hapa kuna zawadi: kiburu hakina nyama. Ndizi na maharage, basi. Wapolandi nao huweka kabichi na njegere usiku huo, kwa hiyo sahani ya jamii ya kunde ina nafasi yake mezani tayari. Mama yako apike kiburu, kihesabiwe miongoni mwa kumi na viwili, na ataacha kusema ni matanga kwa sababu jiko lake limo. Sikuambii uweke kiburu ndani ya pierogi. Kiwe kwenye chungu chake, chenye jina lake.

Samaki awe sato au sangara, akaangwe kwa unga kama wanavyomkaanga kapi. Kwa huyu wa miaka minne toa minofu isiyo na miiba, umchambulie kwa vidole vyako mwenyewe. Pierogi jaza viazi, au kabichi na uyoga. Uyoga uwe wa dukani. Nalisema hili kwa ukali kidogo kwa sababu Wapolandi hupenda sana kuchuma uyoga porini, wamezaliwa nao, na Mpolandi akiona msitu wa mlimani mikono inamwasha. Uyoga wa kwetu si wa kwao hata ukifanana. Ulio na sumu kali hautoki sumu kwa kuchemshwa, na ini la mtu halina vipuri.

Makowiec, keki yao ya mbegu za mpopi, ndiyo itakayokusumbua. Mwambie mama mkwe asibebe mbegu hizo, hasa kama ndege yake inapitia Dubai: Umoja wa Falme za Kiarabu umezipiga marufuku, na watu wamewahi kukamatwa kwa ajili yake. Chukua ufuta, ukaange kidogo, uutwange na asali, zabibu kavu na karanga. Ladha si ileile, na usijifanye ni ileile. Uite keki ya ufuta ya Krismasi. Baada ya miaka kumi wanao watadai hiyo, na wakienda Kraków watashangaa kwa nini kule wanatumia mbegu nyeusi. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe chochote chenye asali; wako wamevuka umri huo, lakini kwenye ukoo hapakosi kichanga.

Nimekiweka mwisho ninachokipenda kuliko vyote, yaani barszcz, ile supu ya bitiruti. Nadhani uliichemsha tu ukaongeza siki. Ya mkesha inaanza kwa kuchachusha: kata bitiruti vipande, zijaze kwenye mtungi safi wa kioo, mimina maji yaliyochemshwa yakapoa yenye chumvi kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita, weka vitunguu saumu, majani ya bay (bay leaf) na pilipili manga. Hakikisha bitiruti zimezama. Funika kwa kitambaa. Kwa joto la Arusha siku nne au tano zinatosha, Poland wanaweza kusubiri wiki. Povu jeupe si kitu, litoe kwa kijiko. Ukiona ukungu wenye manyoya au rangi ya kijani au nyeusi, mwaga chote. Ukichuja hicho kimiminika chekundu, kichanganye na mchuzi wa mboga na uyoga, upashe moto bila kuuacha uchemke sana, rangi isije ikafifia.

Umegundua kitu? Mama yako wiki hiyohiyo ana chungu chake kinachochacha. Anachemsha ndizi mbivu, anaziacha siku kadhaa hadi ziwe nyowa, kisha anatia mso (uji) wa ulezi uliooteshwa na gome chungu la msesewa, na mbege inapatikana. Vijidudu vinavyofanya kazi kwenye mtungi wa mama mkwe na kwenye chungu cha mama yako ni ndugu: vinakula sukari na kutoa uchachu, na kwenye mbege hamira inaongeza kilevi. Waweke hao wanawake wawili jiko moja mkishafika Kibosho, hata kama hawana lugha moja. Wataonjeshana, watakunja nyuso, watacheka. Watoto wasipewe mbege hata "kidogo tu ya sikukuu", wapewe togwa.

Tarehe 25 sina la kuwafundisha Wakibosho, ila mambo mawili. Kisusio kina damu, na nyama ya kuchoma pale machinjioni huliwa ikiwa haijaiva vizuri. Kimeta kimewahi kuzuka mikoa yetu ya kaskazini. Mbuzi aliyekuwa mgonjwa au aliyekufa mwenyewe asiguswe kabisa, na mkaguzi wa mifugo wa kata aitwe kabla ya kugawa nyama. Kisusio kichemke hasa, kisiwe cha uvuguvugu, na mama mkwe akisema hapana asichekwe. Jingine ni ile saladi ya Kipolandi ya mboga za kuchemsha, mayai na mayonezi, ambayo huliwa siku mbili tatu. Kule nje ni barafu. Huku ikikaa mezani zaidi ya saa mbili itupe, na kukiwa na joto kali saa moja inatosha kuiharibu.

Mwaka wa kwanza kitu kitaharibika. Mjomba atakuja na nyama usiku wa 24, au supu itakosa ladha. Usiupime mpango kwa mwaka mmoja, upe mitatu.

Kuna wakati lakini chakula si chakula. Kama ugomvi wa Krismasi unaendelea Februari, kama mumeo hataki tena kukanyaga kwenu au mama yako anawaambia watoto maneno ya kumdharau baba yao, hilo halitatuliwi na barszcz. Nendeni wote wawili kwa paroko wenu, au kwa wasimamizi wenu wa ndoa kama mnawaamini, au kwa mshauri wa ndoa au afisa ustawi wa jamii, mkae uso kwa uso. Na mtoto anayekataa vyakula karibu vyote mwaka mzima, au anayepungua uzito, mpeleke kliniki. Akila kitu kipya akavimba midomo, akatoka vipele au akahema kwa shida, muwahishe hospitali saa ileile.

Jambo la kufurahisha kidogo, mweleze mama mkwe wako njiani kutoka uwanja wa ndege. Kuanzia 1942 Wapolandi wapatao 5,000, wengi wanawake na watoto waliokuwa wamehamishiwa Umoja wa Kisovieti kwa nguvu, waliishi Tengeru, kilomita chache tu kutoka mlipo. Makaburi yao yapo na yanatunzwa hadi leo. Hao waliadhimisha Wigilia chini ya Mlima Meru bila kapi na bila theluji. Mpelekeni akawashe mshumaa tarehe 23, watoto wakiwapo, kisha mpande Kibosho. Bitiruti uwe umeziloweka tarehe 18.